Nyuma ya sahani si mahali pa adhabu

Mhariri,

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kimepinda. Wateja wangu hapa soko la Kibuye wakiniona nikisukuma kitambaa chini ya sindano hudhani ni cherehani iliyonifanyia hivyo. La, ni mpira wa softiboli. Nilikuwa kidato cha pili, nikachelewa mazoezi, na mwalimu wa michezo akanirushia barakoa akisema, "Kwa kuwa unapenda kukaa, nenda ukakae nyuma ya sahani." Nikaenda. Hakuna aliyeniambia kwamba mkono usio na glavu hufichwa nyuma ya kifundo cha mguu, vidole vikiwa vimekunjwa. Mpira wa tatu uliguswa kidogo na gongo, ukabadilisha njia, ukanikuta kidole kimenyooka kama cha mtu anayemwelekeza mgeni stendi ya matatu.

Sahani, kwa asiyeujua mchezo huu, ni kile kibao cheupe cha mpira chenye pembe tano ambacho mpigaji husimama kando yake. Anayechuchumaa nyuma yake kupokea mipira, kwa Kiswahili cha vitabuni, labda ni mdakaji. Uwanjani tunamwita kecha, na ndivyo nitakavyomwita.

Naandika kwa sababu zaidi ya miaka ishirini baadaye adhabu ile bado inatolewa. Mwezi uliopita nilipeleka jezi katika shule moja ya wasichana upande wa Nyando, nikakuta mazoezi yamepamba moto. Wasichana walikuwa wamepanga foleni ya kupiga, kila mmoja akijaribu kuuvusha mpira juu ya ua wa michongoma. Aliyeuvusha alishangiliwa na shule nzima. Aliyekosa mara tatu alitumwa "kwa kecha", na wenzake wakacheka. Mama mmoja aliyekuja kumwona bintiye akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hawa wa vyuo vya Marekani wakitafuta wasichana, si wanawataka wanaopiga mbali kama hivi?"

Matatu yangu ilikuwa inapiga honi, nikamjibu nusu. Nusu nyingine ni hii.

Wapo wanaotafutwa kwa kupiga, sikatai. Lakini ukiuchora uwanja wa softiboli na kupiga mstari kutoka kwenye sahani hadi nyuma kabisa katikati, utawapita watu wanne: kecha, mrushaji, shotistopu anayelinda pengo kati ya bezi (kituo anachokimbilia mpigaji) la pili na la tatu, na mchezaji wa kati wa nyuma. Hao ndio makocha wa vyuo huwatafuta kwanza. Sisi Kisumu mbuta akishakatwa minofu, mgongo wazi huuzwa bei ya chini kwa wasiomudu nyama yake. Kwenye softiboli ya vyuo mambo ni kinyume: mgongo ndio ghali, minofu inapatikana.

Mrushaji ni wa kwanza, na hapo hakuna ubishi. Husimama futi 43 kutoka kwenye sahani, ambazo ni mita 13 na kidogo. (Mimi uwanja wetu niliupima kwa utepe wangu wa ushonaji wa mita moja na nusu: mara nane, halafu sentimita 111. Bezi hadi bezi ni mara kumi na mbili na sentimita 29. Wapita njia walifikiri nauvalisha uwanja sare.) Kutoka umbali huo, mkono ukizunguka kama pangaboi na mpira ukiachiwa chini kwenye nyonga, mrushaji wa chuo hufikisha kilomita 100 kwa saa na zaidi. Piga hesabu: mpigaji ana chini ya nusu sekunde. Na kasi peke yake haitoshi. Makocha hutazama kama mpira unapanda, unazama, unapinda, na kama msichana anao ule wa polepole unaotoka kwa mkono uleule wenye hasira na kumwacha mpigaji akikata hewa.

Mwenye shaka juu ya thamani ya mrushaji akumbuke mwaka 2024, NiJaree Canady alipohama Chuo Kikuu cha Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja za mwaka mmoja. Mwaka uliofuata chuo hicho kikafika fainali ya taifa na kushindwa na Chuo Kikuu cha Texas kwa mechi mbili kwa moja. Au amkumbuke Yukiko Ueno wa Japani kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, aliyerusha mipira 413 kwa siku mbili hadi timu yake ikaishinda Marekani na kuvaa dhahabu. Kila anayesimulia habari ile humtaja Ueno, na ni haki yake. Mimi kidole hiki hunifanya niulize: na iliyopita gongo, ilidakwa na nani? Kuna mtu alikuwa amechuchumaa siku zote mbili.

Sasa nirudi kule Nyando, maana sikuyamaliza.

Msichana wa mwisho kutumwa kwa kecha alikuwa mwembamba, na kinga ya kifua ilimning'inia kama mkoba. Alikuwa amekosa mipira yote mitatu. Alipodaka mpira uliofuata, kocha alikuwa ametazama kwenye michongoma, wenzake wote wametazama kwenye michongoma. Msichana akainuka nusu, goti moja karibu liguse chini, akaurudisha mpira kwa yule aliyesimama bezi la pili. Haukupanda kama wa wengine unavyopanda ukashuka kama upinde. Ulikwenda sambamba na ardhi, ukaingia kwenye glavu na kulia pa! Yule wa bezi la pili alitoa glavu akakipuliza kiganja.

Nilimngoja mpaka maji ya kunywa.

"Umejifunza wapi kurusha?"

"Kwetu Ahero."

"Kuna timu Ahero?"

Akacheka. "Hakuna, mama. Kuna mpunga."

Mtu wa Kisumu haelezwi zaidi ya hapo. Mpunga ukianza kujaza punje, kwelea huja kama wingu, na watoto huamka kabla ya jua kwenda kuwafukuza. Wengine hupiga madebe, wengine hutumia teo. Huyu alikuwa anarusha madongo kwa mkono, alfajiri na jioni, tangu akiwa darasa la tatu, akisimama kwenye tuta jembamba ambalo ukiyumba unaingia majini. Ndiyo maana miguu yake inatulia kabla mkono haujaenda. Hilo ni jambo ambalo kocha anaweza kukusomesha miaka miwili na usilipate.

Nilitoa simu yangu nikampima. Kwenye softiboli kecha hupimwa muda tangu mpira ulie kwenye glavu yake hadi ulie kwenye glavu ya bezi la pili, umbali wa karibu mita 26. Mara ya kwanza alipata 2.2. Mara ya tatu, baada ya kumwonyesha jinsi ya kuutoa mpira kwenye glavu karibu na sikio badala ya kuushusha kiunoni, akapata 2.0. Simu yangu si mashine ya Olimpiki, na kidole kilichopinda huchelewa kubonyeza, basi tukubaliane ni mbili na kidogo. Makocha wa vyuo huanza kutega sikio mtu akifika sekunde mbili. Akifika 1.8 huacha kunywa chai.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye softiboli mkimbiaji anayetaka kuiba bezi, yaani kukimbilia linalofuata bila mpira kupigwa, haruhusiwi kuondoka hadi mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Mpira hutumia karibu nusu sekunde kufika kwa kecha. Ongeza sekunde zake mbili. Inakuwa mbili na nusu, na mkimbiaji mzuri hutumia karibu tatu kufika bezi la pili. Kilichobaki katikati ndicho kinachomtosha mwenzake kushusha glavu na kumgusa. Kecha wa sekunde mbili na nusu hana kilichobaki, na timu pinzani ikishajua hivyo huiba bezi mchana kutwa.

Na kurusha ni sehemu tu. Kecha huudaka mpira wa pembeni bila kuuyumbisha mkono ili ampaya aone ni mzuri. Mpira ukidunda chini mbele yake haukimbizi kwa glavu. Huanguka kwa magoti na kuuzuia kwa kifua, kidevu kimeshuka. Hukumbuka kwamba huyu mpigaji zamu iliyopita alidanganyika na mpira wa polepole. Anajua mrushaji wake akianza kukunja uso ni wakati wa kuomba muda na kumwendea kumwambia neno, hata kama neno lenyewe ni la kumchekesha tu. Na ni yeye peke yake uwanjani anayewaona wenzake wote usoni. Wale wanane wote wanamtazama yeye. Ndipo mahali pa kumtuma aliyeshindwa?

Nilimwambia mwalimu yule hivyo, kwa heshima, maana ni mwalimu na mimi ni mshonaji. Akanijibu, "Lakini mama, hapigi." Nikamwambia kupiga kunafundishika, anipe Jumamosi mbili kila mwezi. Amenipa. Mpaka sasa tunaendelea.

Shotistopu nitamsema kwa ufupi. Sababu ya makocha kumpenda ni kwamba kwa kawaida ndiye mwanamichezo bora wa timu ya shule, na mwenye mikono na miguu ya shotistopu unaweza kumhamishia bezi la pili, la tatu, au nyuma. Ndiyo maana timu za vyuo zimejaa wasichana waliokuwa mashotistopu shuleni kwao. Kwa hiyo mzazi asinung'unike bintiye akihamishwa nafasi. Anayecheza nafasi tatu ana milango mitatu ya kubisha. Wa kati nyuma anatakiwa mbio na macho ya kujua mpira unaangukia wapi kabla haujafika juu. Wasichana waliokua wakicheza kati, wakikwepa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba huku na huku, wengi wanayo macho hayo na hawajui.

Kuna jambo moja ambalo nataka walimu wa shule za msingi walisikie. Mwenye kutumia mkono wa kushoto msimlazimishe wa kulia. Kwenye softiboli anayepigia upande wa kushoto anasimama hatua moja au mbili karibu zaidi na bezi la kwanza. Wapo wasichana wenye mbio wanaopiga huku tayari wameanza kukimbia, wanaugusa tu mpira uende chini pembeni, na chini ya sekunde tatu wako kwenye bezi. Makocha hufundisha hata wa mkono wa kulia kupigia kushoto ili wapate hatua hizo. Sisi huku, watoto wa mkono wa kushoto tunawachapa kwa rula wakishika kalamu.

Sasa huyu ajenti. Simtaji, na mwenyewe akisoma atajijua. Mama mmoja anayeuza omena, jirani yangu wa kibanda, alimlipa shilingi 35,000 amtengenezee bintiye video ya kupeleka vyuoni. Fedha za chama, zilizotakiwa kuongeza mtaji. Video nikaiona kwenye simu yake. Dakika tisa. Muziki wa kupasua masikio, jina la msichana likizunguka kwa moto, mipira ishirini na kitu ya kupiga ambayo mtu aliyesimama karibu alikuwa anamrushia polepole kama anayemlisha kuku. Msichana mwenyewe ni shotistopu mzuri sana. Hakuna mahali anaonekana akichukua mpira wa chini na kurusha bezi la kwanza. Hata mara moja! Miezi saba imepita, hajajibiwa na chuo chochote, na mama bado anadhani tatizo ni kwamba video haikuwa ndefu vya kutosha.

Mimi nilijaribu njia ya bei rahisi. Kwa msaada wa mwalimu wa Kiingereza tuliandika barua pepe kwa vyuo kumi na vinne, si vile vinavyoonekana kwenye televisheni, vidogo. Viwili vilijibu. Msaidizi wa kocha wa chuo kimoja kidogo jimbo la Kansas alikubali kuongea nasi kwa video, saa tatu usiku kwetu, kwao saa saba mchana. Swali lake la kwanza lilikuwa alama za darasani. La pili, atamaliza shule mwaka gani. La tatu ndilo lililonifurahisha, nikalirudia njia nzima nikienda nyumbani Kondele: "Nani anakudakieni?"

Akatuambia anachotaka. Dakika tatu au nne tu, bila muziki. Mwanzoni jina, nafasi, mwaka wa kumaliza shule. Kamera isimame nyuma ya sahani au kando ili aone miguu. Kwa kecha, mipira mitano mfululizo ya kurusha bezi la pili bila kukatwa, ili asidhani tumechagua mmoja kati ya hamsini. Mipira ya chini ya kuzuia. Halafu kupiga, mwishoni. Na akaomba kitu ambacho ajenti angekifuta: kipande cha mechi ambacho msichana amekosea. Alitaka kuona anachofanya baada ya kuangusha mpira. Anatupa barakoa? Anamkodolea macho mwenzake? Au anaufuata mpira na kurudi mahali pake akionyesha wenzake kwa vidole waliotoka ni wangapi? Alisema aliwahi kumwacha mpigaji mzuri kwa sababu ya jinsi alivyomjibu mamaye aliyemletea chupa ya maji.

Nikamtazama msichana wa Ahero. Akanong'ona, "Mama, nitakubebea wewe maji."

Wazazi wajue na upande wa fedha, maana hapo ndipo ajenti hupata riziki. Siyo kila chuo kinalipia michezo. Vile vya daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, havitoi ufadhili wa michezo hata senti, ingawa vinaweza kusaidia kwa masomo au kwa kuangalia hali ya nyumbani. Daraja la pili chuo hupewa kiwango cha ufadhili kamili 7.2 kwa timu nzima ya softiboli. Mtu hakatiki vipande, lakini fedha hukatika, kwa hiyo msichana mmoja hupata robo, mwingine nusu. Daraja la kwanza kiwango kilikuwa 12 kwa miaka mingi, na tangu msimu wa 2025 hadi 2026 vyuo vilivyoingia mfumo mpya vina ukomo wa wachezaji 25 badala yake. Timu ikishawekewa ukomo wa watu, kocha humpenda anayefanya kazi mbili. Vyuo vya miaka miwili, ambavyo wengi wetu hatuvijui, ni mlango mzuri kwa msichana anayehitaji muda. Na kama KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, haikubali, hata akirusha kwa sekunde moja na nusu hataenda popote.

Sasa kwa kuwa shule za upili za mtaala mpya zina njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, naomba wanaopanga mazoezi wasiandike softiboli kwenye ratiba kisha wakatupa wasichana gongo moja na ua wa michongoma. Mafunzo ya kecha yaanze siku ya kwanza, kwa vifaa. Mpira wa softiboli si laini, jina linadanganya. Una uzito wa karibu gramu 190, na mimi ninao ushahidi mkononi.

Vifaa ndivyo vinavyotutesa. Glavu huwa naziokota humu humu Kibuye siku za Jumapili marobota ya mitumba yakifunguliwa. Wauzaji hawazijui, mmoja aliniuzia glavu nzuri ya ngozi kwa shilingi 150 akiamini ni ya kushikia sufuria moto. Kinga ya kifua nimeitia viraka mara nne. Lakini barakoa haishoneki, na hii moja tuliyo nayo imelegea skrubu ya upande wa kushoto, nimeifunga kwa uzi wa viatu. Jumamosi hii mrushaji wetu mpya anaanza kurusha kwa nguvu zake zote, na sitaki kumweka msichana wa Ahero mbele yake na uzi wa viatu. Mwenye barakoa ya kecha iliyokaa bure ghalani, ya shule au ya klabu iliyokufa, anitafute Kibuye, safu ya washonaji, mashine nyeusi ya Singer chini ya mwavuli wa kijani. Nitairudisha ikihitajika, na nitamshonea aliyeileta suruali moja bila malipo.

Kecha mstaafu,
Kibuye, Kisumu